VITABU VYA SHULE: NANI ASHIKE MIZANI?



Kila mtu aliyewahi kuchuma chai anaijua mizani. Jioni kapu linapotundikwa, mazungumzo hukoma na macho yote huelekea mahali pamoja, kwenye namba. Wala hatuulizi kama mwenye kupima ni mtu mwema au mbaya. Tunachotaka ni kuona namba kwa macho yetu, kwa sababu kilo moja ikipotea pale, jasho la asubuhi nzima limepotea. Wenzetu wa saruji kule Bugarama wanalijua jambo hilo hilo kwa njia yao, pale wanapohesabu saa za ziada na kuzilinganisha na karatasi ya mshahara.

Leo tunataka kusema juu ya mizani nyingine, ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisogelea, ingawa kinachopimwa juu yake ni chetu. Ni mizani ya biashara ya vitabu vya shule.

Jambo hili lilizuka katika mazungumzo yetu hapa Kamembe. Mwenzetu mmoja, mama mchuma chai, alikuja na kitabu cha binti yake. Kilikuwa kimekwisha jalada, na watoto watatu walikuwa wakikitumia kwa zamu. Mama huyo anasoma Kinyarwanda vizuri na Kiswahili anakiweza, kwani nani katika mji huu unaotazamana na Bukavu asiyekiweza? Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, na akataka tumweleze kinasema nini. Tukakifungua. Kabla ya kufika kwenye somo la kwanza, tukakutana na ule ukurasa wa maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma, unaotaja nani mwenye haki ya kitabu, ofisi yake iko wapi, na kilipigwa chapa katika nchi gani. Mama akasema, "Kumbe kitabu nacho kina mwenyewe, kama shamba." Kisha akauliza, "Na huyo mwenyewe analipwa na nani?"

Tulimjibu mara moja: Analipwa na wewe.

Tangu siku ile tumeona tueleze maana ya jibu hilo. Kitabu cha yule binti tutakiacha, kwa kuwa hatuna kesi nacho. Tumechagua kampuni ambayo habari zake zinajulikana wazi, na ambayo shauri lake lilifikishwa mahakamani na kuamuliwa. Nayo ni kampuni ya Macmillan ya Uingereza.

WATOTO WA MKULIMA

Kampuni hii haikuanzishwa na matajiri. Ilianzishwa mwaka 1843 na ndugu wawili, Daniel na Alexander Macmillan, watoto wa mkulima mdogo wa kisiwa cha Arran huko Scotland. Daniel alipelekwa angali mtoto kufundishwa kazi kwa muuza vitabu aliyekuwa pia akijalidi vitabu. Alikuwa mtu wa kifua kibovu, na alikufa mwaka 1857, miaka 14 tu baada ya kufungua duka. Alexander akaendelea.

Ndugu hawa walianza London, na mwaka ule ule wakashika duka katika mji wa Cambridge, penye chuo kikuu cha siku nyingi. Hapo waliona jambo ambalo mfanyabiashara mwingine hakuliona upesi. Kitabu cha hadithi mtu hununua akipenda, lakini kitabu cha masomo hana hiari nacho. Mwanafunzi wa mwaka huu akimaliza, wa mwaka ujao anangoja mlangoni. Wakachapisha vitabu vya hesabu na sayansi, na mwaka 1869 wakaanzisha jarida la sayansi liitwalo Nature, ambalo hata leo wataalamu wa dunia nzima hulitegemea. Halafu vitabu vyao vya shule vikapanda meli kwenda kwenye makoloni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilikwisha fungua ofisi Bombay, kwa kuwa India ilikuwa na watoto wengi na shule zilizofuata mitihani ya Kiingereza.

Hatulisemi hili kwa kejeli. Mtoto wa mkulima aliyejifunza kazi kwa mikono yake, akajenga nyumba ya vitabu iliyodumu, anastahili heshima ya mfanyakazi yeyote. Lakini tunamwomba msomaji akumbuke lile waliloliona ndugu wale, yaani kwamba soko la shule ni soko lisilokauka. Yote yanayofuata yametoka hapo.

UPEPO WA MABADILIKO NA BIASHARA

Tarehe 3 Februari 1960, Waziri Mkuu wa Uingereza alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini, mjini Cape Town, akawaambia kwamba upepo wa mabadiliko unavuma katika bara hili. Waziri Mkuu huyo alikuwa Harold Macmillan, mjukuu wa yule Daniel. Upepo ulivuma kweli. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, Rwanda, Burundi na Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, Zambia mwaka 1964. Harold Macmillan alipoacha uwaziri mkuu mwaka 1963 alirudi kwenye kampuni ya ukoo wake, akawa mwenyekiti.

Sasa tazameni. Nchi mpya zilikuwa na haja ya shule, na shule zilikuwa na haja ya vitabu. Mwaka 1966 ilianzishwa Dar es Salaam kampuni iitwayo Tanzania Publishing House, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake tatu, TPH. Shirika la Maendeleo ya Taifa la Tanzania lilikuwa na hisa 60 katika kila 100, na Macmillan hisa 40. Mapatano ya namna hiyo Macmillan iliyafanya pia na serikali nyingine za Afrika, zikiwemo za Uganda na Zambia. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini duka lilikuwa limepata mlango mpya.

Baadaye TPH ilibaki mikononi mwa Watanzania wenyewe. Kuanzia mwaka 1972 iliongozwa na Ndugu Walter Bgoya, na hapo watu wakaona nyumba ya vitabu ya Kiafrika inaweza kufanya nini. Mwaka huo huo wa 1972, TPH ilishirikiana na wachapishaji wadogo weusi wa London, Bogle-L'Ouverture, kutoa kitabu cha Walter Rodney, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Kitabu hicho kimesomwa dunia nzima. Mwaka 1976 ikatoa kitabu cha Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka katika Tanzania, na humo mfanyakazi wa kiwandani ametajwa kama mtu anayetengeneza historia.

Lakini nyumba ile haikuishi kwa sifa. Ilipofika miaka ya 1980 Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na pasipo fedha za kigeni hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna vipuri vya mitambo. TPH ikadhoofika. Bgoya aliondoka, akaanzisha mwaka 1991 nyumba yake mwenyewe, Mkuki na Nyota. Kule Nairobi, Henry Chakava na wenzake walilichukua tawi la kampuni ya Kiingereza ya Heinemann, na mwaka 1992 likawa East African Educational Publishers, mali ya wenyeji. Hapa kwetu Rwanda, mwaka 1995, ilianzishwa Editions Bakame ili watoto wapate kusoma hadithi kwa Kinyarwanda. Hizi zote ni juhudi za kweli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha katika biashara hii imo ndani ya kitabu cha shule, na zabuni zake hupiganiwa na kampuni kubwa za nchi za nje, zenye mtaji wa kungoja malipo.

MNUNUZI MMOJA, SAINI MOJA

Ni vizuri tuelewe kazi hii inavyokwenda, maana bila hivyo tutabaki kunung'unika.

Sabuni na chumvi hununuliwa na watu elfu, kila mmoja kwa faranga zake. Muuzaji akiwapunja, watahamia duka la pili. Kitabu cha shule ya msingi si hivyo. Mara nyingi mnunuzi ni mmoja, yaani serikali, au mradi unaolipiwa kwa mkopo au msaada. Hutangazwa zabuni. Kampuni huleta nakala na bei. Wakaguzi huzisoma na kuzipa alama. Kisha vitabu vilivyokubaliwa huagizwa kwa maelfu kwa maelfu, kwa saini chache tu. Anayeshinda amepata kazi ya miaka, na anayeshindwa hufunga mizigo. Palipo na mnunuzi mmoja na saini chache, hapo ndipo panapoingia mtu na bahasha.

Katika Kiswahili cha mitaani bahasha hiyo huitwa "chai". Sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri kuingia kwenye umande wa Shagasha hatulipendi neno hilo. Chai yetu tunaijua uzito wake. Hongo ndiyo isiyopimwa.

Tarehe 30 Aprili 2010, Benki ya Dunia iliifungia Macmillan isipate kandarasi zake kwa miaka sita, muda ambao ungeweza kupunguzwa ukawa mitatu kwa masharti. Kampuni ilikuwa imekiri kwamba yalifanyika malipo yasiyo halali kwa nia ya kupata kazi ya vitabu katika mradi wa elimu wa Sudan Kusini. Wachunguzi wa Uingereza wakaendelea. Waliangalia kandarasi za serikali katika nchi tatu, kati ya mwaka 2002 na 2009. Nchi hizo zilikuwa Uganda, Zambia, na Rwanda.

Naam, ndugu, Rwanda. Mwezi Julai 2011 Mahakama Kuu ya London iliiamuru kampuni ilipe zaidi ya pauni milioni 11, kwa kuwa ilipata fedha zilizotokana na mwenendo usio halali katika idara yake ya elimu kwenye nchi za Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Tuseme kwa haki kwamba amri ile ilikuwa ya madai, haikuwa hukumu ya jinai. Tuseme pia kwamba kampuni ilishirikiana na wachunguzi, na ikajitoa katika zabuni za serikali za kanda hizo. Wala hatuna neno na wapiga chapa, wafungaji wa maboksi na madereva wa kampuni ile, ambao ni wafanyakazi kama sisi.

Wala haikuwa peke yake. Mwaka 2012 matawi ya Oxford University Press, moja la Kenya na moja la Tanzania, yalifungiwa na Benki ya Dunia miaka mitatu kwa malipo yasiyofaa yaliyohusu kandarasi za vitabu. Mahakama ya Uingereza iliagiza kiasi cha pauni milioni 1.9 zilipwe. Kwa hiyo nyumba mbili zenye majina makubwa katika vitabu vya shule, zote mbili zilikutwa na jambo la namna moja, katika kanda moja, kwa muda wa miaka miwili.

Na zile hisa za Macmillan ziko wapi leo? Kati ya mwaka 1995 na 1999 kampuni ilinunuliwa yote na Holtzbrinck ya Ujerumani, na mwaka 2015 matawi yake ya elimu na sayansi yakaunganishwa na Springer ikazaliwa Springer Nature. Mtoto wa mkulima wa Arran hakujua kwamba duka lake lingefika huko. Sisi nasi hatujui majina ya wenye hisa. Lakini mapato yao yanatoka pia katika mifuko yetu, na hilo latosha kutupa haki ya kuuliza.

"HAYA SI KAZI YA CHAMA"

Tunajua wapo wenzetu watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi kishughulikie mishahara, kofia za kazini na likizo ya uzazi, na mambo ya vitabu kiwaachie wakubwa. Tunawajibu kwa upole.

Kwanza, fedha ile ni yetu. Kodi hukatwa kwenye mshahara kabla hatujaushika, na tunalipa tena tunaponunua sukari na sabuni. Mkopo wa elimu ukichukuliwa leo, atakayeulipa ni mtoto yule yule anayegombania kitabu kimoja na wenzake wawili. Kitabu kikinunuliwa kwa bei iliyotiwa hongo, maana yake vitabu ni vichache, na vinavyokosekana tunavinunua sisi sokoni au mtoto anakaa bila. Huko ni kukatwa mshahara kwa mlango wa nyuma.

Pili, jasho ni letu hata nje ya fedha. Shule zilipokuwa zikiongezwa ili kila mtoto apate miaka tisa ya masomo, nani aliyebeba matofali? Tulikuwa pale kwenye umuganda, wanaume kwa wanawake, tukijenga madarasa. Aliyebeba tofali ana haki ya kuuliza kilichowekwa juu ya dawati.

Tatu, sera ikibadilika, anayepata hesabu ni mzazi. Mwezi Oktoba 2008 iliamuliwa kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Vitabu vya Kifaransa vikawekwa kando, vipya vikatakiwa. Mwaka 2016 ukaja mtaala mwingine, na vitabu vingine. Hatusemi mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Tunasema kwamba kila mabadiliko ni zabuni mpya, na kila zabuni mpya ni mizani mpya inayotundikwa mahali tusipopaona.

Wapo pia wenzetu wakali wanaosema: Tufukuze kampuni za kigeni zote, tuchapishe wenyewe, basi. Nasi tunapenda nyumba za vitabu za kwetu, kama tulivyosema. Lakini tusijidanganye. Hongo ina pande mbili. Upande mmoja anakaa mgeni anayetoa, na upande wa pili anakaa mwenyeji anayepokea, mara nyingi mtu mwenye mtoto katika shule nzuri kuliko ya kwetu. Mwizi wa nyumbani akishika mizani gizani, kilo zitapotea vile vile.

TUNAVYOTAKA

Historia hii inatuambia jambo moja: Vitabu vya shule vinunuliwe mchana, mbele ya wanaovilipia. Kwa hiyo tunapendekeza haya.

Kila shule inapopokea vitabu, idadi yake na bei ya kimoja kimoja ibandikwe ukutani, mahali ambapo mzazi yeyote anaweza kusoma. Siku ya kufungua maboksi, kamati ya wazazi iwepo na ihesabu. Huo si uchochezi, ni ile ile namba ya mizani tunayoiangalia jioni.

Pili, kila tawi la chama limchague mwanachama mmoja wa kuhudhuria mikutano ya wazazi katika shule wanakosoma watoto wengi wa wafanyakazi. Achaguliwe mtu anayejua hesabu na asiyeogopa kuuliza, na akiuliza tusimwache peke yake. Anayefichua hongo akifukuzwa kazi huku sisi tukitazama chini, basi tumemfukuza sisi.

Tatu, fedha zikirudishwa baada ya kesi kama hizi, zirudi kwa watoto waliopunjwa. Mfano upo. Kampuni ya silaha ya BAE ya Uingereza iliiuzia Tanzania rada, ikaja kuwa kesi, na mwaka 2012 zikalipwa pauni milioni 29.5 kwa faida ya wananchi wa Tanzania, zikatumika kwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Watanzania waliziita "chenji ya rada". Kama chenji ya rada iliweza kununua vitabu, chenji ya vitabu ishindwe kwa nini?

Nne, tuwape soko wachapishaji wa kanda yetu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Sisi wa Kamembe tulikuwa tukikisema sokoni na kivukoni tangu zamani, bila kungoja sheria, lakini mtu anayekisema kila siku mara nyingi hana kitabu hata kimoja cha Kiswahili nyumbani. Kila tawi lichange kidogo, linunue sanduku la vitabu kutoka nyumba za Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na vya Kinyarwanda kutoka Kigali, likae ofisini na watu waazime. Wafanyakazi mia wakinunua kila mwaka, mchapishaji wa Kiafrika atapata sababu ya kutufikiria anapochapisha.

Yule mama tuliyeanza naye alituuliza swali jepesi, nani anamlipa mwenye kitabu. Tangu tulipomjibu ameuliza la pili: "Kama ni mimi, mbona sijawahi kuonyeshwa hesabu?" Swali hilo hatukuweza kumjibu sisi. Tumeliandika kama alivyolisema, na tunataka matawi yote yalipeleke kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi utakaoitishwa, yaliulize kwa sauti, na yatuletee majibu tuyachapishe hapa.

Umoja ni nguvu.